Kitabu cha Wageni: Kinyozi wa Umoja na Namna ya Kupima Ini

Nina duka la kinyozi mtaa wa Umoja, Nairobi, viti vitatu na kioo kimoja kirefu. Mteja akiketi nikamfunga shuka shingoni, naangalia vitu viwili kabla sijawasha mashine: kichwa, kama kina mapunye, halafu macho. Kichwa ni kazi yangu. Macho ni ugonjwa wangu.

Nilizaliwa Makueni mwaka 1988, nikaja Nairobi kutafuta kazi kama wengi. Mwaka 2019 mke wa jirani alijifungua kwa upasuaji akahitaji damu, nasi wanaume watano wa ploti tukaenda kuchangia. Wiki chache baadaye nikapigiwa simu: damu yako haikutumika, tafadhali nenda hospitali ukapimwe zaidi. Damu inayochangwa Kenya hupimwa virusi vya UKIMWI, kaswende, na homa ya ini aina ya B na C. Yangu ilikwama kwenye B. Wakati huo nilikuwa napandisha mtungi wa lita 20 hadi orofa ya nne bila kuuweka chini.

Niliingia zahanati moja ambayo sitaitaja. Kijana mwenye koti jeupe alinidunga kidole, akaandika neno moja kwenye karatasi, akaniambia niache pombe na mafuta, basi. Sikuuliza kitu kwa sababu sikujua kuna la kuuliza. Miezi minane iliyofuata nilijihesabu maiti anayetembea, huku nikinywa dawa chungu ya mitishamba niliyouziwa mjini kwa pesa ya kodi ya nyumba ya mwezi mzima. Kwa hiyo mwongozo huu nimemwandikia hasa yule ambaye karatasi kama ile iko mfukoni mwake leo. Karatasi moja haitoshi. Kuna nyingine zinazoifuata, na ni lazima uzidai mwenyewe.

Ini halilii

Jino likioza utajua usiku huohuo. Ini linaweza kuliwa miaka ishirini nawe Jumapili uko uwanjani unacheza mpira. Ukisubiri dalili ndipo upimwe, huenda ukapimwa ini likiwa limeshakuwa kovu tupu.

Hata hivyo zijue. Uchovu usioisha hata ukilala, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, mkojo wa rangi ya strungi ingawa umekunywa maji, choo kilichopauka kama udongo wa kuchorea ukuta, mwili kuwasha bila vipele. Macho yaangalie mchana, karibu na dirisha, kamwe si chini ya balbu. Vuta kope la chini, tazama pale peupe. Waendesha boda wengi wana macho ya kahawia kwa vumbi na upepo. Hayo si manjano. Manjano ya ini hutanda sawasawa kwenye weupe wote, na chini ya ulimi utayaona pia.

Tumbo likijaa maji, miguu ikivimba, mtu akitapika damu, akapata choo cheusi kama lami, au akaanza kuchanganyikiwa na kulala mchana kukesha usiku, huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo. Usimpeleke kwanza kwa anayejua dawa.

Jambo moja dogo linalosumbua watu kwenye kiti changu: homa ya manjano si homa ya ini. Homa ya manjano huletwa na mbu, na ile kadi ya njano wanayoidai uwanja wa ndege ni ya chanjo yake. Ukifika kliniki ukaomba chanjo ya homa ya manjano ukidhani umelinda ini dhidi ya B, utakuwa umechanjwa kitu kingine kabisa.

Aina zenyewe, kwa haraka

A na E huingia kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Mtu huugua wiki kadhaa, kisha wengi hupona wenyewe. E ni hatari sana kwa mama mjamzito. Sisi tunaonunua maji ya mkokoteni mfereji ukikauka, dawa ni kuyachemsha, na kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kukata kachumbari. D humpata tu mwenye B.

C huambukizwa kwa damu: sindano iliyotumiwa tena, kuchangia sindano za dawa za kulevya, vifaa vya kutoga na kuchora chale. Haina chanjo, lakini ina tiba. Vidonge vya wiki 12 huwaponya zaidi ya watu 95 kati ya 100. Ukipimwa C na kipimo cha kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, kikaonyesha ndiyo, bado hujathibitishwa kuwa unaumwa, kwa kuwa kingamwili hizo hubaki hata baada ya mwili kujiponya. Dai kipimo cha virusi vyenyewe, kinachoandikwa HCV RNA.

Sasa B, ambayo ndiyo yangu.

Askari wa lango na kitabu cha wageni

Daktari wa Hospitali ya Kenyatta aliyenieleza mara ya kwanza nikaelewa alichora mistari mitatu ya herufi kwenye bahasha. Mimi nikaitafsiri kwa lugha ya ploti, na hivyo ndivyo ninavyowaeleza wateja.

HBsAg ni mgeni mwenyewe. Ikiwa ndiyo, virusi vimo ndani ya nyumba leo. Hiki ndicho kipimo cha haraka, tone la damu kutoka kidoleni, na mimi nilikilipia pesa ya kunyoa vichwa vitatu.

Anti-HBs ni askari wa lango. Ikifika 10 au zaidi, una kinga, ama kwa chanjo ama kwa kuugua ukapona.

Anti-HBc ni kitabu cha wageni pale getini. Huonyesha kama virusi viliwahi kuingia, hata kama vilishatoka. Chanjo haiandikwi kwenye kitabu hiki. Kwa hiyo mwenye askari bila jina kitabuni alichanjwa; mwenye askari na jina kitabuni aliugua akashinda; na asiye na chochote kati ya vitatu yuko wazi, lango halina mtu, na huyo ndiye anayepaswa kuchanjwa kesho asubuhi.

HBsAg yako ikiwa ndiyo, usikubali kuondoka na neno hilo peke yake. Rudia baada ya miezi 6. Kama bado ipo, ndipo huitwa ugonjwa sugu. Mtu mzima akiambukizwa B, uwezekano wa kubaki nayo maisha ni chini ya 5 kwa 100. Mtoto mchanga akiambukizwa na mamake, ni kama 90 kwa 100. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya nimfikirie mama yangu kabla ya kumfikiria mtu mwingine yeyote. Hadi hapo nilikuwa nimemlaumu kimyakimya msichana mmoja wa mwaka 2010 ambaye pengine hana hatia yoyote.

Kama umejikata na wembe wa mtu leo, kumbuka kwamba kipimo cha wiki hii kikisema hapana hakijasema kitu. Virusi huchukua wiki kadhaa kuonekana. Lakini usikae kusubiri. Nenda leo uulize chanjo, kwa sababu ikianza ndani ya saa 24 inaweza kuzuia maambukizi yasishike. Baada ya miezi 3 au zaidi rudi upimwe.

Karatasi zinazofuata

Ukiwa na B sugu, hivi ndivyo vya kuomba kwa majina yake. Wingi wa virusi, unaoandikwa HBV DNA. Vimeng'enya vya ini, ALT na AST, ambavyo hupanda ini likiumia. Hesabu ya chembe za damu, ambamo utaona PLT, yaani chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Altrasaundi ya tumbo. Kipimo cha UKIMWI, na hiki usikikatae kwa aibu: dawa kuu ya B, tenofoviri, ni mojawapo ya dawa za UKIMWI pia, na mtu mwenye virusi vyote viwili akipewa hiyo peke yake, virusi vya UKIMWI huizoea ikashindwa kazi.

ALT ndiyo iliyonifichulia kisa cha mitishamba. Nilipofika Kenyatta yangu ilikuwa 94. Maabara nyingi huchapisha kikomo cha 40, ingawa Shirika la Afya Duniani huhesabu 30 kwa mwanamume na 19 kwa mwanamke. Daktari hakuniuliza kuhusu pombe. Aliuliza, "Unakunywa dawa gani?" Nikamwonyesha chupa ya plastiki niliyokuwa nayo kwenye mkoba. Akaifungua, akanusa, akaifunga. "Achana na hii, urudi baada ya miezi miwili." Niliporudi ALT ilikuwa 27. Ile niliyoinywa kusafisha ini ndiyo iliyokuwa ikilichoma. Sisemi kila jani ni sumu; bibi yangu alitunywesha mwarobaini na tukaishi. Nasema ini ndilo linalochuja kila unachokunywa, na chupa isiyo na jina la kilichomo humtesa mchujaji.

Kuna hesabu moja unayoweza kuifanya kwa simu yako, ambayo madaktari huitumia kukisia kovu la ini bila kumtoboa mtu. Chukua AST yako, gawanya kwa kikomo cha maabara, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa PLT. Yangu: AST 34, kikomo 40, PLT 228. 34 kwa 40 ni 0.85; mara 100 ni 85; gawanya kwa 228, unapata 0.37. Ikizidi 0.5 mwambie daktari, maana huenda kovu limeanza. Ikizidi 1, ini huenda limeshakauka kwa makovu, yaani sirosisi. Huo ni mwanga tu. Ukipata 0.37 kama mimi, usiache kwenda kliniki.

Nani aanze dawa? Zamani waliosubirishwa walikuwa wengi. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lililegeza masharti: mwenye dalili za kovu, mwenye HBV DNA zaidi ya 2,000 na ALT iliyopanda, mwenye UKIMWI au kisukari, na mwenye ndugu aliyeugua saratani ya ini au sirosisi. Hapo kwa ndugu ndipo nilipokamatwa. Mjomba wangu, kaka ya mama, alikufa tumbo likiwa limejaa kama la mja mzito. Hospitali ilisema saratani ya ini. Nyumbani tukasema pombe, na wengine wakasema amerogwa na mwenye shamba la mpakani. Mjomba alikuwa akinywa, ni kweli, lakini walevi wenzake wawili bado wako hai.

Nameza tenofoviri kidonge kimoja kila siku, saa tatu usiku baada ya kufunga duka. Haiui virusi vyote. Inavifunga mikono visiendelee kuharibu. Figo hupimwa mara kwa mara. Kosa kubwa ni kuiacha ghafla kwa sababu unajisikia vizuri, maana virusi vinaweza kurudi kwa hasira na ini likafeli. Kwa ajili ya mjomba, kila miezi 6 napigwa altrasaundi na kupimwa AFP, alama ya saratani katika damu.

Waliomo nyumbani

Kumwambia mke wangu kulikuwa kugumu kuliko sindano zote. Nilimwambia tukiwa tunakunja nguo, ili niwe na pa kuangalia. Yeye aliuliza tu, "Watoto je?" Kesho yake tulikwenda wote.

Mke au mume hupimwa kwanza, kisha huchanjwa kama lango lake liko wazi. Sindano ni tatu: leo, baada ya mwezi 1, na baada ya miezi 6. Watu wengi huishia ya pili wakasahau. Mwezi au miwili baada ya ya tatu, pima anti-HBs uone askari amefika. Wakati huo wote, kondomu. Wa mke wangu alifika, sasa tunaishi kama watu wengine.

Watoto waliozaliwa Kenya tangu mwisho wa 2001 hupata chanjo ya B ndani ya ile sindano ya mchanganyiko ya wiki 6, 10 na 14. Tafuta kile kijitabu cha kliniki uthibitishe. Sisi wa 1988 hatukupata, na ndiyo maana mtu mzima wa Nairobi asijidanganye kwamba "nilichanjwa zote utotoni". Lakini kama mama mwenyewe ana B, wiki 6 ni mbali mno. Mtoto anahitaji chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na mama mwenye virusi vingi anaweza kupewa tenofoviri miezi ya mwisho ya mimba. Dada yangu mjamzito alipimwa kliniki ya wajawazito kwa sababu alidai. Alipoambiwa kipimo hakimo kwenye fomu alikaa kwenye benchi hadi kikaingia. Kunyonyesha hakukatazwi.

Sahani moja ya ugali, kikombe, kukumbatiana, choo cha ploti, kuumwa na mbu: hakuna B hapo. Mswaki, wembe, kikata kucha, sindano, hereni za kutoga: kila mtu na chake. Na mwenye B asichangie damu tena, hata jirani akilia.

Duka langu

Hapa nitasema ukweli utakaonikosanisha na wenzangu. Kile kisanduku chenye taa ya buluu ambacho vinyozi tunakiweka mbele ya mteja kumtuliza moyo, usikitegemee. Mwanga ule hufika pale tu unapogonga, na meno ya mashine yana vivuli na mafuta na nywele. Vingine ni balbu ya rangi tu. Virusi vya B huweza kukaa hai nje ya mwili angalau siku 7, kwenye doa la damu kavu usiloliona.

Ninavyofanya: mashine ikimaliza kichwa natoa meno yake, nayasugua kwa brashi, maji na sabuni hadi nywele ziishe, kwa sababu dawa haipenyi uchafu. Kisha nayalaza kwenye Jik, ile dawa ya klorini ya kufulia, iliyochanganywa na maji, dakika 10. Jik ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, na nasoma lebo kwanza maana nguvu hutofautiana. Nachanganya upya kila asubuhi. Nikiyatoa nasuuza, nakausha, natia mafuta, la sivyo kutu inakula mtaji. Nina seti nne za meno ili mteja asingoje. Spiriti ya kupuliza puu na kufuta mara moja ni harufu nzuri tu.

Wewe mteja, dai wembe mpya ufunguliwe ukiangalia. Usimwonee haya kinyozi. Au beba mashine yako. Nina wateja sita wanaobeba, na siwatozi pungufu wala zaidi. Dada wa kucha wa jirani yangu naye nimemshawishi anunue vifaa vya akiba vya kukatia ngozi ya kucha, kwa kuwa hapo ndipo damu hutoka zaidi kuliko kwangu.

Kinachopita mdomoni

Pombe, mwenye B asiinywe. Sina la kuongeza wala kupunguza. Kitambi ni habari nyingine: chipsi na soda kila siku hujaza ini mafuta hata kwa asiyegusa chupa, na kisukari hulisukuma zaidi. Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, kwa mtu mzima mwenye ini zima. Mwenye ini bovu aulize kwanza.

Lakini mahindi ndiyo ninayoyaogopa kwa moyo. Mwaka 2004 nilikuwa shule, na Makueni na Kitui watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu: wagonjwa 317, waliokufa 125. Sumu hiyo hutoka kwenye ukungu wa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kuipika hakuiondoi. Kidogokidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na kwa mwenye B hatari huzidishwa maradufu na zaidi. Gunia likiletwa kutoka nyumbani, tunamwaga kwenye turubai, tunachagua yaliyopasuka, yaliyobadilika rangi na yenye ukungu, na hayo hayaendi kwa kuku pia. Kukoboa muthokoi hupunguza sumu kiasi, maana nyingi iko kwenye ganda. Nunua mahindi makavu yanayotoa mlio ukiyauma, uyaweke juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta.

Tarehe 28 Julai ni siku ya homa ya ini duniani, siku aliyozaliwa Baruch Blumberg, aliyegundua virusi vya B na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Ukisikia kambi ya vipimo siku hizo, ingia foleni. Siku nyingine zote, hospitali za umma kama Mama Lucy na Mbagathi zina maabara.

Mama alipimwa. Ana B, miaka 67, ini lake liko sawa, na aliuliza tu kama anaruhusiwa kuendelea kuuza maembe. Dada hana. Kaka yangu mkubwa ndiye amekataa miaka minne sasa. Anasema nisimtafutie ugonjwa. Jumamosi anakuja kunyolewa kwa ajili ya harusi. Maabara iko mlango wa tatu kutoka kwangu, nimeshalipa, na nitaanza kunyoa nusu ya kichwa.